Jino Halipigwi Msasa

Nyumba ya fundi rangi ilikuwa ya kuonewa wivu, na si kwa ukubwa wake. Ilikuwa na vyumba viwili na ua mdogo wa saruji, ila kuta zake zilikuwa laini kama ganda la yai, na mlango wake wa kijani haukuwahi kuonekana umechujuka. Jioni fundi alirudi na matone ya rangi kwenye nywele, mkewe akasogeza cherehani ukutani ili watu wapate pa kukaa, na binti yao wa miaka minane akaanza kusimulia. Alikuwa na maneno yule mtoto. Angeweza kuanza na habari ya mwalimu aliyesahau miwani yake chooni na kuishia kwa paka wa jirani, bila kuvuta pumzi. Ndiyo maana walimwita Kasuku, na mwenyewe aliitika kwa furaha.

Sasa sikilizeni, jamani, jinsi sauti hiyo ilivyokuja kuzimika. Katika habari hii hamna mlevi, wala mwizi, wala mzazi asiyempenda mwanawe. Mna baba mwema tu, aliyejua kazi moja vizuri mno.

Meno ya utotoni ya Kasuku yalikuwa meupe. Kisha yakaanza kutoka ya ukubwani. Mbele yalitoka pale yalipong'oka ya zamani, lakini nyuma kabisa yalichomoza magego ambayo hayakusubiri jino lolote ling'oke. Yalijitokeza tu mahali palipokuwa na fizi tupu. Yalitoka na madoa. Ya mbele yalikuwa na mabaka meupe kama chaki, na magego yalikuwa ya manjano inayoelekea kahawia, kana kwamba mtoto amekuwa akitafuna buni tangu azaliwe.

Mama ndiye aliyeona kwanza mambo madogo. Aliona mtoto akikinga maji bombani, kisha akiyaacha juani kwenye kizingiti mpaka yapate uvuguvugu ndipo ayanywe. Aliona anatafuna kwa upande mmoja, na mkate hauli mpaka aulowanishe ukalegea. Mswaki ukigusa nyuma, aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Akamwambia mumewe kwamba meno ya mtoto yanamuuma. Mumewe akasema yanauma kwa sababu hayasafishwi, na hayasafishwi kwa sababu ya deko, na deko lazima mtu mzima alikate.

Maneno yangeishia hapo. Lakini nyumba ya pili palikuwa na msusi, mwanamke mwenye ulimi mwepesi na moyo usio mbaya. Mchana mmoja alikuwa barazani akimsuka mteja, Kasuku akapita anacheka. Msusi akamtazama, kisha akamgeukia fundi aliyekuwa anaosha brashi zake.

"Shemeji," akasema, "nyumba za watu unaziong'arisha mpaka tunajiona sura ukutani. Lango la kwako mbona lina kutu?"

Mteja akacheka. Fundi naye akacheka, maana utani wa shemeji hauna hasira. Lakini ulimwingia. Kasuku, ambaye hakuna aliyekumbuka kwamba bado amesimama pale, alifumba mdomo wake taratibu.

Usiku ule fundi alilifikiria jambo lake kifundi. Ukuta wenye doa haupakwi rangi juu ya doa. Unapigwa msasa kwanza, doa linaisha, ndipo kazi inaendelea. Jino lina tofauti gani? Akasaga mkaa, akauchanganya na chumvi, akanunua mswaki wenye nywele ngumu kuliko yote dukani. Asubuhi akamkalisha mtoto kwenye kigoda uani, akamshika kidevu, akasugua.

Kasuku alilia. Mama akatoka mbio, sindano bado imechomekwa kwenye kifua cha gauni, akamwomba aache.

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," fundi akajibu, na wala hakuinua macho.

Ndugu msomaji, methali hiyo ni ya kweli, na wengi wetu tumelelewa nayo. Lakini hata dawa nzuri ukiinywesha kwa ugonjwa usio wake, inaua. Kuna mtoto anayelilia kisu, na kuna mtoto anayelia kwa sababu kisu kimeshamkata. Kwa mbali vilio vyao vinafanana. Mzazi hatavitofautisha mpaka aulize, na fundi hakuuliza.

Akaendelea hivyo kila asubuhi. Mwanzoni madoa yalififia kidogo, naye akamwita mkewe aje aone. Kumbe kilichokuwa kinaondoka si doa, ni jino lenyewe. Baada ya muda rangi ikarudi, imekolea zaidi. Shuleni Kasuku akaacha kunyoosha mkono darasani. Mwalimu alipomwuliza mama kulikoni, ikajulikana kwamba watoto wenzake wamempa jina jingine, ambalo halifai kuandikwa hapa, na kwamba siku hizi akiongea anaweka kiganja mbele ya mdomo. Nyumbani napo alianza kujibu kwa kichwa: ndiyo, hapana. Jioni ikawa cherehani tu ndiyo inayozungumza.

Kisha siku moja, wakila, Kasuku aliuma ganda la mkate, akasimama ghafla na machozi yakamtoka bila sauti. Kwenye kiganja chake palikuwa na kipande cha gego, kimemong'onyoka kama chokaa. Baba akasema si kitu, hilo ni jino la utotoni, litaota jingine. Mama akasema hapana, jino hilo limeota nyuma ya yote, halikuchukua nafasi ya lolote, kwa hiyo ni la maisha. Wakabishana mpaka chakula kikapoa. Mtoto aliuweka mkate wake kwenye sahani ya mama, akaomba uji.

Kesho yake kigoda kilikuwa kitupu. Wakamkuta chini ya meza ya cherehani, katikati ya vitambaa vya wateja, ameyabana meno yake. Fundi akachuchumaa, mswaki mkononi, akamwambia atoke.

"Baba, yang'oe yote," Kasuku akasema.

Hakuwa analia. Alikuwa amelifikiria na amelipanga.

"Yang'oe tu yote. Mimi nitakuwa nakunywa uji. Halafu hutanisugua tena."

Fundi akabaki vile vile amechuchumaa. Maji meusi yalidondoka kutoka kwenye mswaki, yakaingia kwenye kitambaa cheupe cha mtu, wala hakuyaona. Mama akainuka. Alichukua mtandio wake na viatu vya mtoto, akasimama mlangoni akisubiri. Siku hiyo kuta za watu zilibaki bila rangi.

Kliniki ya meno ilikuwa na benchi refu, sakafu iliyopigwa deki asubuhi hiyo hiyo, na harufu ya karafuu. Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani yake imeshuka mpaka nchani mwa pua. Wazazi walipoanza kueleza, wote wawili kwa pamoja, aliwanyamazisha kwa upole akasema mgonjwa wake ni huyu mdogo, aeleze mwenyewe. Kasuku akamtazama daktari. Akamtazama baba yake. Akafumba mdomo.

Daktari alikwishaona mengi. "Baba," akasema, "tungojee nje kidogo. Mkono wako anauogopa kuliko mashine zangu."

Basi fundi akatoka. Alisimama ukumbini, akiutazama ukuta ulio mbele yake, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuona kama umepakwa vizuri au vibaya. Mlango ulikuwa mwembamba. Alimsikia binti yake akiongea ndani: kwamba maji baridi yanapiga mpaka sikioni, kwamba hata hewa anapokimbia inamchoma, kwamba analala kwa upande mmoja. Alikuwa anaeleza kirefu, kwa mpangilio, kama alivyokuwa anaeleza habari za paka. Haya yote yalikuwemo nyumbani mwake, na yeye anayasikia mlangoni kwa watu.

Alipoitwa ndani, daktari alimwuliza anafanya kazi gani. Akamwambia.

"Vizuri, basi utanielewa upesi. Umewahi kukuta ukuta ambao plasta yake ilichanganywa na saruji kidogo?"

"Nimekuta mara nyingi. Kwa macho ni mzima, ukiugusa unatoa unga."

"Ukuta huo utaupiga msasa?"

"Hapana, msasa utauma..." Fundi akakomea hapo. Alitaka kusema utaumaliza, akamtazama binti yake.

Daktari hakumkamua zaidi. Alieleza kwamba yale hayakuwa madoa ya uchafu hata kidogo. Meno yale yalitengenezwa dhaifu humo humo ndani ya taya, Kasuku akiwa bado mchanga, na madini ya kuyakaza hayakuingia ya kutosha. Ndiyo maana yana rangi ile, ndiyo maana yanauma na kumeguka. Mama akauliza kwa sauti ndogo kama ni zile homa na kile kifua alichougua kabla hajajua kutembea. Daktari akasema huenda, wengi wa watoto hawa waliugua utotoni, lakini sababu yenyewe haijulikani kwa hakika, na asikae kuitafuta usiku kucha ili ajilaumu.

Kisha akawaambia lililokuwa zito. Magego matatu yangetunzika kwa dawa. La nne, lililomeguka, lilikuwa limeliwa sana na kusuguliwa sana. Lingeweza kuvikwa kofia ya chuma, yaani kifuniko cha kulifunika jino lote, na likadumu, lakini kazi hiyo inataka mtoto akae kitini atulie, afungue mdomo. Akikataa, jino litaharibika mpaka ling'olewe. Kumlazimisha hatamlazimisha, amelazimishwa vya kutosha.

Siku hiyo alimpaka tu dawa ya kukaza meno, kwa kibrashi chembamba kama kijiti cha kiberiti. Akawapa maagizo: mswaki laini, dawa ya meno yenye floraidi, maji ya uvuguvugu, vitu vya sukari vipungue. Mkaa ubaki jikoni.

Njiani fundi alisimama, akainama mpaka akawa sawa na mtoto.

"Nilikosea, mwanangu. Uliniambia unaumia, nikadhani unadeka. Nisamehe."

Kasuku alitazama viatu vyake. "Sawa," akasema. Lakini aliendelea kushika mkono wa mama.

Msamaha, wapendwa, ni kama rangi ya mafuta. Huwezi kuugusa siku hiyo hiyo. Fundi alilijua hilo kwa kazi yake, akavumilia. Asubuhi alikuwa akichemsha maji, anayaweka kikombe mezani, kisha anatoka uani ili mtoto apige mswaki na mama yake bila kutazamwa. Msusi alipoleta utani mwingine, fundi alimwambia kwa adabu, shemeji, nitanie mimi, mdomo wa mtoto uuache. Msusi akaona haya, na siku ya pili akaja kumsuka Kasuku bure, akimwomba amsimulie habari yoyote. Alipata habari fupi, lakini aliipata.

Siku ya kofia ikafika. Fundi hakungoja kuambiwa. Walipofika mlangoni mwa daktari alikaa mwenyewe kwenye benchi la nje. Alisikia kiti kikiinuliwa. Alisikia daktari akieleza sindano ya ganzi, kisha kimya, kisha sauti ya mama ikibembeleza, kisha kimya tena kirefu. Akajua mtoto amefumba mdomo. Akafumba macho yake.

Mlango ukafunguka. Alikuwa mama.

"Anakuita wewe," akasema.

Kasuku alikuwa kitini, mdogo kabisa chini ya taa kubwa. "Baba anishike mkono," alimwambia daktari. "Lakini asishike kitu kingine."

Fundi akaupokea mkono ule. Sindano ilipoingia, kucha za mtoto zilimzama kiganjani, naye hakuuondoa. Kasuku alifungua mdomo wake wazi, na hakuufunga mpaka kazi ikaisha.

Walipotoka nje alisema, kwa shavu lenye ganzi, kwamba anataka baba aone. Akasimama kwenye mwanga, akaachama. Fundi akaweka mikono yake yote miwili nyuma ya mgongo, akainama, akatazama.

Funzo

Wazazi wenzetu, si kila doa la jino ni uchafu, na si kila kilio ni deko. Wapo watoto ambao meno yao yalitoka dhaifu bila kosa lao wala kosa la mama zao. Tusiyakwangue kwa mkaa, chumvi wala mchanga, maana jino likishakwanguka halirudi. Mtoto akikwepa maji baridi, akitafuna upande mmoja, au gego jipya likitoka na rangi ngeni, tumpeleke kwa daktari wa meno mapema, kabla halijameguka. Na sisi majirani tuwe na kiasi katika utani wetu, kwa sababu mtoto husikia. Tumwulize anayelia, "Unaumia wapi?" kisha tungoje jibu lake mpaka mwisho.