Udongo wa Kaburi la Mpagazi

Jua la Tabora hukausha hata mate mdomoni, lakini bega la mpagazi wa mwisho katika picha ya Bwana Makrei lilikataa kukauka. Siku ya tisa tangu lichorwe, bado lilikuwa bichi. Abbasi, seremala mwenye nyumba aliyeingia kuipimia fremu, aliligusa kwa kidole. Jioni ile bega lake mwenyewe likaanza kuuma.

Makrei alikuwa Mskoti. Ukimwita Mwingereza, ananuna hadi kesho. Miaka thelathini alichora milima na mvua za kwao, akasifiwa, kisha akasahauliwa. Mwaka 1934 alipanga chumba mtaa wa Mtendeni, kwa Abbasi na mkewe Zamda, achore msafara wa zamani wa pembe za ndovu. Rangi alisaga mwenyewe. Udongo mwekundu aliuchimba ng'ambo ya kijiji cha Ipuli, kwenye kaburi la mpagazi kando ya njia, ambapo kila mpita njia huweka jiwe. Yeye hakuweka, alichukua. Na picha ilitoka nzuri mno, hata kwao waliosikia habari zake wakapiga telegramu kuiomba.

Mchana wa siku ya kumi nyumba ilinuka jasho. Zamda akasikia miguu mitupu ikipita nyuma ya ukuta, mmoja baada ya mwingine, na nyuma kabisa mmoja ukiburuta, ukasimama penye dirisha la mumewe, ukangoja, na Abbasi kitandani akapinda mgongo kama aliyetwishwa kitu, huku damu ikimchuruzika begani pasipo kidonda.

"Zamda," alinong'ona, "nitue. Mzigo huu si wangu."

Zamda alimkimbilia Luhende, mganga wa Ipuli, akamweleza yote. Luhende alifika, hakuvuka kizingiti.

"Msafarani mtu akifa, mwanangu, mzigo hauachwi njiani. Hupewa mwingine. Huyu anatafuta wa kumpokea."

"Tuichome picha, babu?"

"Usithubutu! Irudi kaburini kabla jua halijazama. Na aliyechukua udongo aibebe mwenyewe."

Makrei aliikumbatia picha, akafoka kwamba ndiyo kazi ya maisha yake. Ndipo Abbasi akapiga yowe chumbani. Mzee wa watu aliona haya.

"Nisamehe, Zamda," alisema. Akajitwika picha kichwani, akaenda peke yake, buti zikigonga barabara.

Kabla ya magharibi Abbasi aliinuka, akaomba uji. Makrei hakurudi. Waliomtafuta walikuta kaburi limefukiwa vizuri, na jiwe jipya juu yake. Kwenye kituo cha reli hakuonekana, wala Nzega.

Zamda hufukiza ubani kila Ijumaa. Hata hivyo, mchana upepo ukitulia, wapagazi hupita nyuma ya nyumba, miguu mitupu, wengi. Wa mwisho siku hizi amevaa buti.