Karatasi Isiyo na Mapengo

Jua lilikuwa linazama Dada alipopiga simu. Printa ya dukani inaruka mistari, alisema, na asubuhi shule inachukua mitihani yake. Njoo mara moja, mdogo wangu.

Fundi akabeba mkoba, akaenda. Mtaani walimwita Mwewe, maana tundu la wino lililoziba, jembamba kuliko unywele, alilijua kwa kutazama karatasi tu.

Nyuma ya kaunta, binti wa Dada alikuwa amekaa juu ya rimu za karatasi. Miaka tisa, na tangu azaliwe hajauona hata mkono wake mwenyewe.

"Shikamoo, mama mdogo! Viatu vyako bado vinalia kama bata."

"Marahaba, mchokozi. Vinalia ili unisikie."

Dada hakucheka.

Fundi akabonyeza kitufe cha jaribio. Printa ikanguruma, ikatema karatasi. Hutoka ngazi nne za mistari myembamba: nyeusi, bluu, waridi na njano. Palipo na pengo, hapo ndipo pameziba.

Ngazi ya njano haikuwepo kabisa.

"Wino umejaza?"

"Leo asubuhi," Dada akanong'ona.

Mbona ananong'ona?

Njano huonekana kwa shida jua likizama. Fundi akaiinua karatasi kwenye taa. Hamna kitu. Akaiamuru printa isafishe kichwa cha kuchapia. Kikatetemeka kushoto... kulia... kushoto. Harufu ikapanda, na haikuwa ya wino. Ilikuwa ya nywele zilizoungua.

Jaribio la pili. Waridi imetoweka.

La tatu. Bluu.

Hapo alipaswa kusimama. Ukisafisha mara tatu, unaiacha mashine ipumzike. Kila fundi anajua. Lakini sifa nazo ni mzigo, na Mwewe hakuzoea kushindwa mbele ya dada yake. Akasafisha tena. Akabonyeza mara ya nne.

Karatasi ikatoka nyeupe pe.

"Imekufa hii," alisema, akaitupa juu ya kaunta.

Binti akaiokota. Hakupapasa. Aliinyooshea mkono moja kwa moja.

"Mama... hivi vitu vinne ni nini?"

Akaisogeza karibu na taa.

"Havifanani. Hiki cha mwisho ni kama... kama joto la asubuhi."

Kumbe mistari yote ilikuwepo; fundi ndiye aliyekuwa haioni.

Fundi akainua uso. Nguo ya Dada, iliyokuwa nyekundu alipoingia, sasa ilikuwa na rangi ya jivu. Pembe za chumba zilikuwa zinasogea ndani, nyeusi, polepole.

Akatia vidole chini ya kichwa cha kuchapia, penye sifongo ya kunyonya wino, ilikotoka harufu ile. Akagusa kifurushi cha kitambaa, kidogo kama kunde, kilichofungwa kwa nywele. Hakuhitaji macho kuzijua. Jumapili Dada alimsuka, kichwa chake kikiwa kimelala mapajani, akazikusanya zilizong'oka moja moja, kwa upole.

"Ulinisuka," alisema.

"Nilimtolea macho yangu kwanza." Dada aliegemea kaunta. "Akayakataa. Alitaka macho yanayokamata unywele. Na lazima ubonyeze mwenyewe, mara nne."

"Nani alitaka?"

Dada akaitupia printa jicho, kana kwamba inasikia.

"Dada. Nani?"

"Ukilifungua hilo fundo, mtoto anarudi gizani."

Kucha ya fundi ilikuwa tayari imeingia kwenye fundo. Kuvuta kidogo tu. Macho yake, kazi yake, maisha yake...

"Kumbe mama mdogo uko hivi!" Binti alikuwa amesogea karibu, pumzi yake usoni pake. "Una kidoti hapa. Mbona hukuniambia una kidoti?"

Kucha ikatoka kwenye fundo.

Giza likafunga.

"Nilijua hutalifungua," Dada alinong'ona sikioni pake, akilia. "Ungekuwa na moyo mwingine, nisingekutaja kwake."

Hilo ndilo lililomchoma fundi kuliko giza lenyewe. Akapapasa ukutani, akaufuata waya wa printa hadi kwenye soketi, akauchomoa. Angalau hii izimike.

Kimya.

Kisha, taratibu, printa ikavuta karatasi nyingine.

Fundi akahisi vidole vya dada yake vikimkaza mkono.

"Aliniambia ni nne," Dada alisema. "Aliniambia ni nne tu..."