Mwizi Aliyepanga Skrubu

Maiti ilikuwa juu ya meza, kifua wazi, matumbo ya nyaya nje.

"Imekufa lini?" Inspekta Erot aliuliza.

"Usiku wa kuamkia leo," alijibu Bwana Mutembei, meneja wa Ushirika wa Mifugo, akijipangusa jasho. "Na si jambo la kucheka, Inspekta. Hii ndiyo kompyuta yetu pekee. Bila hii ratiba ya chanjo haitoki, na ng'ombe kutoka Kinna mpaka Biliqo watangoja mpaka homa iwamalize."

Erot hakuwa amecheka. Masharubu yake tu ndiyo yaliyosogea kidogo. Mwaka huo wa 1987 kompyuta mjini Isiolo ilikuwa kitu cha watoto kuchungulia dirishani. Alikuwa amekimbizana na wezi wa ng'ombe, majangili na wauza sukari ya magendo, lakini marehemu wa namna hii hakuwahi kukabidhiwa.

"Kimeibwa nini hasa?"

Kijana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi alisogea mbele. Huyo alikuwa Abshir, mwendesha kompyuta. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu aliyekesha.

"Kristali, afande. Kitu kidogo ya chuma, kama harage, iko na miguu mbili. Ndiyo inapigia mashine ngoma. Ikitoka, kila kitu inanyamaza."

"Ufunguo wa usiku uko na nani?"

"Emuria, mlinzi, peke yake," alidakia Mutembei. "Koplo wako ameshamtia ndani. Na usiudhike, Inspekta, lakini kila mtu anajua huyo ni Mturkana mwenzako. Watu watakuwa wanaangalia."

"Waangalie," Erot alisema, ingawa masikio yalimwaka moto.

Alimfahamu Emuria. Mzee huyo alikuwa amelinda hapo miaka na mikaka bila msumari kupotea. Aliishi na familia katika chumba kimoja nyuma ya ghala, na jana tu, mvua ikinyesha, mkewe alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Jumatatu angesimamishwa kortini. Akipatikana na hatia, kazi imekwenda na chumba kimekwenda, na mama mzazi atalala wapi?

Erot akageukia ushahidi. Redio nzuri ilikuwa rafuni, haijaguswa. Birika jipya lilikuwepo. Kisha akaona kisahani pembeni mwa kompyuta. Ndani yake skrubu za kifuniko zilikuwa zimepangwa mstari, kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo.

Hapo masharubu yakasogea tena. Mwizi ana haraka zake. Mwizi gani huyu wa kupanga skrubu kama anayetandika kitanda cha mgeni?

Kwenye dirisha, nyuma ya kompyuta, kulikuwa na gunia lililofungwa kwa kamba. Aliligusa. Lilikuwa na unyevu. Akalinusa, na harufu ya moshi mtamu ikampanda puani. Aliyekulia upande huu hahitaji kuambiwa ni harufu ya vyombo vya maziwa ya ngamia, vinavyofukizwa kwa vijiti vya moto kabla ya kujazwa.

"Gunia hii ni ya nini?"

"Ya kuzuia jua, afande," Abshir alisema upesi.

Dirisha lilitazamana na ukuta wa ghala. Hapo upepo ulipita vizuri, ila jua halikuwa na njia.

Kituoni alimkuta Emuria ameketi sakafuni, mtulivu, na kikombe kitupu mkononi.

"Chai yenu haina sukari," Emuria alisema.

"Mzee, umechukua hiyo kitu?"

"Nichukue nifanye nayo nini? Inaliwa?"

"Jana nani alitoka mwisho?"

"Kijana ya kompyuta. Mvua ilikuja, mashine ikagoma, kazi ya siku nzima ikapotea. Meneja akapiga simu Nairobi, fundi akuje Jumatatu aifungue. Kijana akabaki huko ndani peke yake, uso imekauka kabisa."

"Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza? Wameniuliza ufunguo tu."

Erot alitaka kucheka, lakini swali jingine lilimtangulia.

"Mtoto amepata jina?"

Emuria aliinamia kikombe. "Bado. Sitaki mtoto yangu apewe jina baba akiwa selo. Itamfuata."

Maneno hayo yalimchoma Erot. Alitoka akaenda moja kwa moja hadi chumba cha redio, kwa Koplo Huka, aliyekuwa hodari wa mitambo ya mawasiliano.

"Huka, kristali ni kitu gani?"

Koplo alifungua sanduku la vipuri akamwekea kimoja kiganjani: harage la chuma linalong'aa, miguu miwili. "Hata redio yetu iko nazo, afande. Hii inapiga mapigo, mashine inafuata. Ziko za polepole na ziko za mbio."

"Na ukiweka ya mapigo ya mbio zaidi?"

"Mashine itakimbia. Lakini itachemka, na sehemu moja ikishindwa kufuata, yote inakwama. Hiyo sasa inataka baridi saa zote."

Baridi. Erot alikitazama kile kipande kwa muda, akakirudisha. Alijua sasa gunia lilikuwa la nini. Hakujua bado lilikuwa la nani.

Kwenye soko la maziwa, akina mama walikuwa wameketi na mitungi yao imevishwa magunia. Wa kwanza kumwona alikuwa Mama Habibo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita ngamia. Binti yake, Fosia, alikuwa akiosha vikombe.

"Salaam aleikum, Mama Habibo."

"Aleikum salaam, afande. Leo umekosa. Jana yote ilichacha."

"Imechachishwa na nini?"

"Mvua! Gunia inataka upepo kavu. Unailowesha, upepo inapita, maziwa inalala baridi. Lakini upepo ikishiba maji, gunia inakuwa tu nguo ya mvua."

Erot aliona kila kitu kikikaa mahali pake. Siku ile maziwa yalipochacha sokoni ndiyo siku kompyuta ilipogoma ofisini.

"Na magunia yako yapo yote?"

"Walahi, yanaisha! Kila nikihesabu moja hakuna. Nyinyi mwizi ya gunia mtashika lini?"

Kikombe kilimponyoka Fosia, kikabingirika hadi kwenye buti la Inspekta. Erot aliinama kukiokota, na alipoinua uso akaona, katikati ya shanga shingoni mwa binti, harage la chuma linalong'aa, miguu yake miwili imesokotwa kwenye uzi.

"Pambo nzuri, binti. Umetoa wapi?"

"Nimepewa."

"Na nani?"

Fosia akalifunika pambo kwa kiganja. Mama Habibo akageuka mwili mzima. "Ehe. Na nani?"

Adhuhuri ilipopita, ofisi ya Ushirika ilijaa. Mutembei alikuwa kitini, Emuria alisimama kando ya koplo, na Abshir mbele ya meza. Mama Habibo alikaa kwenye benchi, mikono kifuani. Fosia aliambiwa angoje nje kidogo.

"Abshir," Erot alianza, "zamani kazi ya kompyuta ilikuwa inaisha lini?"

"Jioni, afande."

"Na siku hizi?"

"Kabla ya saa sita."

"Halafu unaenda wapi?"

"Sokoni."

"Kufanya nini?"

"Kununua maziwa."

"Kila siku?"

"Napenda maziwa."

"Huyu?" Mama Habibo alilipuka. "Huyu anashika kikombe mpaka inachacha mkononi! Hainywi!"

Hata Mutembei alicheka. Erot aliita, na Fosia akaingia. Abshir alimtazama usoni, kisha shingoni, kisha akakaa chini bila kuambiwa.

"Sema," Erot alimwambia kwa upole.

"Mimi ndiye, afande. Mzee Emuria hajui chochote." Aligeukia kompyuta. "Nilinunua kristali ya mbio kwa fundi wa redio Nairobi. Mashine ilikimbia kama swala! Lakini ndani ngoma ni moja. Ubongo, kumbukumbu, njia ya kupeleka habari kwa kadi, wote wanacheza hiyo hiyo. Ubongo uliweza. Kadi ya diski, ile ya kuhifadhi kazi, ilikuwa inajikwaa, na joto ya hapa inazidisha. Nikatoa kifuniko, haikutosha. Nikaweka feni, haikutosha. Fosia akaniambia vile wanafanya maziwa. Akaniletea magunia ya mama yake, moja moja. Gunia ikawekwa, feni nyuma yake, mashine haikukwama tena. Mpaka jana."

"Mpaka mvua."

"Mpaka mvua. Fundi akiona kristali ya kigeni, kazi yangu imeisha. Nikaitoa. Nikataka kurudisha ile ya kwanza."

"Ukashindwa nini?"

Abshir alitazama sakafu. "Nilikuwa nimempa Fosia. Niliona haitahitajika tena. Nilimwambia ni moyo ya mashine yangu. Sasa, afande, mwanamume atarudi aje kwa msichana, amwambie nirudishie ile zawadi?"

Mutembei alijikuna kidevu kama mtu aliyekumbuka jambo la ujana wake.

"Kwa hiyo ukasema imeibwa," Erot alisema, na sasa hakuwa na upole. "Na mzee wa watu akaingia selo, mtoto hana jina."

"Nilisema imeibwa. Sikusema ni nani ameiba. Lakini nilinyamaza, na hiyo ni mbaya zaidi." Aliinuka, akamwendea Emuria, machozi yakimlengalenga. "Mzee, nisamehe."

Emuria alimkagua toka kichwani hadi viatuni. "Faini ni mbuzi mmoja, beberu," alisema. "Tena si wale wamekonda, wa kutembea na mbavu nje. Na utaileta mwenyewe, mchana, watu wakiona."

"Nitaleta."

"Basi mimi nimemaliza. Naenda kumwona Akiru wangu."

"Nani Akiru?" Mutembei aliuliza.

"Mtoto. Akiru kwetu ni mvua. Amekuja na mvua, na mvua imenitoa selo. Jina gani ingine tena?"

Mutembei alisimama, akamshika Emuria mkono kwa mikono yake miwili, akamsindikiza hadi mlangoni.

Fosia alifungua uzi shingoni. Aliinyoosha miguu ya kristali kwa ukucha, polepole, akaiweka kiganjani mwa Abshir. Kijana aliipachika mahali pake, akawasha. Kompyuta ililia pii, na maandishi yakaanza kujitokeza kwenye kioo, polepole kama zamani, bila kukwama.

"Sasa shingo yangu iko wazi," Fosia alisema, akitazama kompyuta wala si Abshir. "Anayetaka kuweka kitu, atume wazee kwa hooyo, mama yangu."

Wote wakamgeukia Mama Habibo. Alijifunga mtandio, akaelekea mlangoni, akasimama.

"Wakuje," alisema. "Na wakuje na magunia yangu."