Kinga Ambayo Hakuiomba

"Wewe! Iweke chini! Iweke chini kabla moyo wangu haujasimama!"

Ilikuwa saa saba mchana, ghorofa ya pili ya jengo la mafundi, saa ambayo kila mwenye simu iliyopasuka kioo anakumbuka kuileta. Watu walikanyagana. Feni zilikoroma, harufu ya waya ulioungua ilijaa puani, na mbele ya meza ya mwisho alisimama mwanamke mwenye suruali ya kaki yenye mifuko isiyo na idadi, fulana ya kazi ya rangi ya chungwa na kitambaa cheusi kilichofungwa kichwani kwa haraka. Alikuwa ameishika droni kwa kamera, kama mtu aliyembeba kuku kwa shingo.

"Unanifokea mimi?" aliuliza.

"Namfokea nani mwingine? Umeishika kwa gimbali! Hicho kishikio ndicho kinachoituliza kamera isitikisike hewani. Ndani yake kuna vimota vidogo na utepe wa waya mwembamba kuliko kucha yako. Kifuniko chake kiko wapi?"

"Kimepotea."

"Kimepotea! Unatembea na kamera uchi, halafu ikivunjika unaniletea mimi, tena umenuna."

"Mimi nimekuja kutengenezewa, sikuja kuhubiriwa. Kama una mahubiri tafuta waumini."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Fundi akauma mdomo asicheke naye, akashindwa. Alikuwa kijana mrefu, aproni ya buluu imejaa madoa, bisibisi imechomekwa nyuma ya sikio saa zote, hata akienda harusini. Ndiyo maana jengo zima lilimwita Bisibisi. Yeye mwanamke, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kurusha droni za kampuni inayokagua mapaa, minara na matangi ya maji, waliomjua walimwita Rubani.

Basi ndivyo walivyokutana, kwa makelele. Wiki mbili baadaye wakawa wanakula mchana pamoja, wakigombania kiti cha karibu na feni.

"Ukitua, usitue kwenye kokoto. Tandika mkeka," Bisibisi alimwambia. "Na kifuniko kikae muda wote ikiwa mkobani, ila ukitoe kabla hujawasha. Ukiwasha nacho, vimota vitasukumana nacho mpaka viungue."

"Ndiyo, mwalimu."

"Nacheka nawe? Na uishike kwa miguu yake."

"Na wewe nikushike wapi, mpenzi?"

Hapo Bisibisi akaanza kutafuta bisibisi ambayo ilikuwa sikioni. Rubani alipenda sana kumkosesha maneno. Alimpenda, tuseme wazi, na alimpenda kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kumfokea kuhusu kazi yake badala ya kumuuliza kwa nini mwanamke anarusha droni.

Lakini Rubani alikuwa na tatizo lake. Akiona ufa ukutani anataka kuusogelea mpaka alione vumbi lake. Baada ya ile iliyomleta kwa Bisibisi, kamera ya pili ilivunjika kwa mtindo huo. Meneja wake akamwita, akamwambia bila kupandisha sauti: "Ya tatu ikivunjika kwa kosa lako, hurushi tena. Utabeba betri za wenzako." Rubani alikuwa ameisomea kazi ile miaka miwili, akifua nguo za watu kwa zamu na dada yake. Kubeba betri! Alilia mbele ya meza ya Bisibisi, bila kujificha, wateja wakimtazama.

Bisibisi aliumia. Na hapa ndipo mimi nami ninapomkasirikia, kwa sababu badala ya kuzungumza na mwenzake kama mtu mzima, aliamua kumlinda kimyakimya. Rubani alipomletea droni asafishe kioo cha kamera, yeye alichukua uzi wa nailoni, ule usioonekana vizuri, akafunga ncha moja kwenye fremu ya kamera na nyingine ndani ya tumbo la droni. Akili yake ilimwambia: hata ikigonga, gimbali ikang'oka, kamera itaning'inia badala ya kupasuka chini. Akaijaribu mezani. Kamera ikageuka kushoto, ikageuka kulia, ikainama chini, uzi haukuizuia. Akaridhika. Kutazama juu hakujaribu. Nani anapeleka droni angani halafu atazame juu?

Kesho yake asubuhi Rubani alijaza fomu kama kawaida. Kuna kitu kilichoongezwa kwenye chombo? Akaandika: Hapana. Akatia sahihi. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kukagua tangi kubwa la maji lililosimama juu ya nguzo ndefu za chuma, na uvujaji ulikuwa tumboni mwake, kwa chini. Akaipenyeza droni kati ya nguzo, akaiambia kamera itazame juu.

Uzi ukakaza. Kimota kikanguruma, kikachoka. Kamera ikaangusha kichwa, na kwenye skrini Rubani akaona majani tu. Alipojaribu kurudi nyuma, bawa likagonga ngazi ya chuma, ikasikika ta! na droni ikaja chini mzimamzima.

Hata hakuisogelea. Alipiga simu kwanza.

"Haloo, roho yangu," Bisibisi aliitika.

"Usiniite roho. Imeanguka. Gimbali ilikwama nikiwa chini ya tangi, picha ikapotea. Jana uligusa nini?"

Bisibisi alijua papo hapo. Chini ya tangi. Juu. Angesema neno moja tu la kweli, mimi na nyinyi tusingekuwa hapa.

"Sijagusa kitu, mpenzi. Nilipangusa kioo tu. Labda... labda uliisogelea sana ngazi. Unajijua unavyopenda kusogelea."

Rubani alikata simu. Kwa nusu saa nzima aliamini kwamba kosa ni lake. Nusu saa hiyo ndiyo ambayo hakuweza kumsamehe. Kisha akaiokota droni, akaona kamera imeng'oka kutoka kwenye gimbali lakini inaning'inia, kioo kizima, kwa uzi wa nailoni wenye fundo zuri la mtu mwenye subira.

Akaketi pale pale kwenye majani, akatukana matusi ambayo sitayaandika.

Bisibisi alipiga mara kumi na saba. Mara ya kumi na nane simu ilipokelewa na dada mkubwa wa Rubani.

"Shikamoo, dada."

"Usinipe shikamoo. Mimi nilikuita shemeji mapema mno, nimejiponza mwenyewe."

"Dada, mpe simu, nimweleze. Nilikuwa nailinda kamera yake."

"Kamera tumeisikia, ni nzima, hongera. Sasa sikiliza. Asubuhi alitia sahihi kwamba hakuna kilichoongezwa. Akisema kuna uzi, ni mwongo. Asiposema, ni mzembe. Kesho kutwa saa nne anakaa mbele ya meneja kuchagua kimojawapo. Na wewe ukamwambia kaisogelea ngazi! Mwanamume mzima! Huna haya?"

"Niliogopa, dada."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba ataniacha."

"Basi umefanikiwa," dada alisema, akakata.

Siku ya kikao Rubani alivaa gauni la kijivu lililonyooshwa hadi mikunjo ikawa kama wembe, na viatu vilivyombana. Ofisi ya meneja ilikuwa na meza ndefu, dirisha lisilofunguka, na droni iliyovunjika imelazwa juu ya gazeti. Uzi bado ulikuwepo.

"Huu umeuweka wewe?" meneja aliuliza.

"Hapana."

"Nani?"

Rubani aliutazama uzi. Alikuwa na hasira kiasi kwamba hakutaka hata kulitaja jina la yule mtu. Na hata angelitaja, meneja angesema ni kisingizio tu. Kalamu ilikuwa mbele yake, karibu na mstari ulioandikwa *Kosa la rubani*.

Mlango ukagongwa. Bisibisi aliingia na aproni yake, jasho linamtiririka, amebeba gimbali nyingine mkononi na uzi wa nailoni mdomoni.

"Wewe umefuata nini hapa?" Rubani alifoka. "Nani kakuita?"

"Hakuna. Mzee, samahani. Uzi niliufunga mimi, kwa siri. Yeye hakujua, na asingeweza kuuona. Nipe dakika tano."

Hakusubiri ruhusa. Akaifunga ile gimbali na kamera kwenye droni iliyovunjika, akafunga uzi vilevile, akaunganisha betri, akaigeuza kamera kushoto, kulia, chini. Meneja akatazama bila kupepesa. Kisha Bisibisi akaiambia itazame juu. Kimota kikanguruma, kikatetemeka, kikakata tamaa, na kamera ikaangusha kichwa pale mezani mbele ya wote watatu.

"Aliponipigia simu akaniuliza, nilikana," Bisibisi aliongeza. "Nikamsingizia yeye. Andika na hilo."

Meneja alichukua kalamu, akaukata ule mstari, akaandika mwingine. "Rubani, Jumatatu unarudi kazini. Wewe fundi, kuanzia leo usiguse chombo chochote cha kampuni hii. Hata bawa. Na mafundi wenzako nitawaambia sababu."

Kampuni ile ndiyo iliyokuwa ikimletea Bisibisi nusu ya kazi zake. Alitikisa kichwa kukubali, akakusanya vifaa vyake, akatoka.

Rubani alimfuata mpaka kwenye ngazi, viatu mkononi.

"Simama hapo! Unadhani umeniokoa?"

"Hapana."

"Siku tatu! Siku tatu nimelala na kuamka na sauti yako ikiniambia mimi napenda kusogelea! Kilichonichoma siyo uzi. Ungeniambia, 'Nimefunga uzi, usitazame juu,' ningekucheka, ningeufungua, tungekwenda kula. Mimi siyo kamera, Bisibisi! Huwezi kunifunga kitu tumboni nikiwa sioni!"

"Najua."

"Hujui! Na usilie, mimi ndiye mwenye haki ya kulia!"

"Silii. Ni jasho." Alipangusa uso kwa aproni, akazidi kujipaka madoa. "Nilitaka kukuoa mwezi ujao. Nilikuwa natafuta namna nzuri ya kukuuliza. Sasa sina kazi, sina heshima, na namna nzuri sina. Nakuuliza tu. Kukuficha sikufichi tena, hata jambo la kukukasirisha. Ukikataa, nitaelewa."

Watu waliokuwa wakipanda ngazi walisimama. Rubani akawatolea macho wakaendelea kupanda. Kisha akamgeukia mtu wake, akamtazama kuanzia bisibisi ya sikioni hadi kamba za viatu, akapumua kwa nguvu.

"Unaniuliza leo? Leo hii, nikiwa nataka kukusukuma kwenye ngazi?"

"Leo."

"Nimekubali," alisema. Bisibisi alipopiga hatua kumsogelea, alimnyooshea kiatu kifuani. "Usinishike! Nimekubali, lakini bado nimekasirika, na nitakasirika mpaka nimalize. Tangulia, mimi nakuja nyuma."