Dua ya Mwisho wa Gemu

Mama mkwe alinituma nazi, Magharibi imekaribia, akasema nikirudi nimpitie na mwanawe. Mwanawe ndiye mume wangu, Mbaraka, dereva wa bodaboda ambaye wiki ile pikipiki yake ilipumzika kuliko mimi. Alikuwa kwenye kibanda cha gemu cha Taufiki, hapahapa Miburani, anahangaika na gemu ambayo kijiji kizima hakuna aliyewahi kuimaliza.

Nilifika na hasira zangu.

"Taratibu, shemeji," Taufiki akaninong'oneza. "Yuko mwishoni."

Kwenye runinga, askari wa Mbaraka alikuwa amelala kifudifudi, amekufa. Mbaraka akasonya. Ndipo mbingu ya mle kwenye gemu ikafunguka... Mwanga mweupe ukashuka, na ndani ya mwanga, mkono. Mkubwa, mtulivu. Kibanda kikanukia udi, na hakuna aliyewasha udi.

"Mungu kamnusuru," Taufiki akasema.

Sauti ikaanza kusoma. Polepole, kwa kuvuta, kama dua ya hitima. Maneno sikuyaelewa, lakini ni dua ngapi tunazielewa maneno yake? Tumelelewa hivyo: msomaji akisoma, unakinga mikono, unaitikia. Tukakinga. Hata mimi, na nazi zangu kwapani.

"Amin."

Sote watatu.

Askari akainuka.

Mbaraka akaachia kidude cha kuchezea, kikadondoka. Nikamshika bega. Lilikuwa la baridi kama samaki aliyetoka kwenye barafu. Akageuka, akatabasamu.

"Twende nyumbani, mke wangu."

Mbaraka hajawahi kuniita mke wangu. Huniita "we Zuena" tu, na ugomvi juu.

Nikatazama runinga. Yule askari alikuwa amesogea mpaka kwenye kioo, anakipiga kwa viganja vyote viwili. Mdomo unafunguka, sauti haitoki... lakini midomo niliisoma.

We Zuena. We Zuena.

Kisha kioo kikawa giza. Taufiki aliwasha tena na tena huku analia. Gemu ilianza upya, kama vile haijawahi kuchezwa.

Asubuhi nilikwenda kwa Maalim Matano, nikamweleza yote.

"Dua ile iliomba nini, mwanangu?"

"Sijui, maalim."

"Na ukaitikia?"

"Niliitikia."

"Wapo wanaoomba kubadilishana mahali na watu. Peke yao hawawezi, mpaka aitikie mwenye mtu wake, kama wewe mkewe." Akainuka. "Hilo mimi siliwezi."

Sasa pikipiki haipumziki, na sauti haipandishwi ndani ya nyumba. Mama mkwe anamshukuru Mungu, majirani wananionea wivu. Nimwambie nani? Namlilia mume wangu, na mume wangu amekaa mbele yangu anakula.

Jana alirudi na runinga ile ya kibandani kwa Taufiki. Akaiweka chumbani kwetu, akaiwasha, kisha akaigeuza kioo kikaelekea ukutani.

"Mbona umeigeuza?" nikamuuliza.

Akavua shati, akalikunja vizuri.

"Asituone."