Jiwe Jekundu la Ismail

Mama alinituma maini kwa kaka yangu Ismail, jua linazama. Bucha lake lilikuwa hapohapo Chamazi, nyuma ya nyumba za wapangaji. Nilitoka na kandambili tu.

Nilimkuta anatundika paja la ng'ombe. Kidoleni inang'aa ile pete ya jiwe jekundu aliyorudi nayo kutoka machimbo ya Tunduru. Mtaa mzima uliijua. Aliyeivaa, chuma hakimkati. Wengine walicheka, lakini tazama mikono yake: muuza nyama asiye na kovu hata moja!

"Ngoja nimalize, Hamida," alisema.

Adhana ya magharibi ikaanza. Na harufu ikaingia... udongo mbichi. Udongo wa kaburi lililochimbwa sasa hivi.

Mwanaume alikuwa amesimama mlangoni. Nguo zimegandamana kwa tope jekundu. Tope mpaka kwenye meno.

"Ismail," alinong'ona. "Jiwe langu."

Lile paja likamponyoka kaka, likaanguka chini.

"Seba... wewe tulikuzika."

"Mlinifukia."

Nilimfahamu kwa jina tu. Sebastian, mwenzake wa machimboni. Sisi tuliambiwa shimo lilimwangukia.

Sebastian akachukua panga juu ya gogo la kukatia nyama. Ismail akarudi nyuma, mikono mbele.

"Usinipige! Seba, nakuomba, usinipige!"

Nilishangaa. Mtu ambaye chuma hakimkati, analilia nini?

Panga likashuka begani. Paa! Shati likachanika, ngozi ikabaki nzima. Likashuka shingoni. Mbavuni. Hakuna damu.

Hata tone.

Simu yangu ikaita. Jirani yetu, Mama Gibson, anapiga kelele mpaka sauti inakwaruza.

"Hamida, njoo! Mama yako anakatika!"

"Nani anamkata?"

"Hakuna mtu! Anakatika tu! Bega... Yesu wangu, shingo!"

Nyuma yake nikamsikia Mama. Ismail naye alimsikia.

Akaivuta pete. Haikutoka. Akachota mafuta ya ng'ombe, akapaka kidole, akaing'ang'ania kwa meno. Panga likampiga mgongoni, na kwenye simu Mama akatoa ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa binadamu.

Pete ikatoka.

Bega la kaka likafunguka. Kisha shingo. Kisha mbavu, kisha mgongo. Majeraha yalifunguka kwa zamu, vilevile yalivyopigwa. Damu ilinirukia usoni, ya moto. Aliangukia nyama zake mwenyewe, akanitazama, midomo inacheza bila sauti, mpaka macho yakatulia.

Sebastian akaokota pete. Akaling'oa jiwe kwa meno, akalimeza. Nililiona likishuka kooni. Akanipita karibu sana, baridi yake ikanigusa shavu, akatoka. Nje watu walikuwa wanakwenda msikitini. Hakuna aliyegeuka.

Nilikimbia nyumbani peku. Mama alikuwa amekaa kwenye dimbwi la damu yake, mzima. Majeraha yalikuwa yamejifunga yenyewe, yamebaki makovu meupe, kama ya miaka mingi.

Polisi walisema ni majambazi. Sikubishana nao. Ningewaambia nini?

Baada ya arobaini, watu walipotawanyika, Mama aliniita chumbani. Alifunga mlango.

"Alikuwa anajua?"

"Hapana, Mama," nilisema upesi. "Angejuaje? Alipokusikia tu, aliivua."

Mama akafunua khanga yake pajani. Palikuwa na kovu refu ambalo mie sikuwahi kuliona.

"Hili ni la Ramadhani," alisema. "Nilikuwa peke yangu jikoni, nikashtukia damu inachuruzika. Sikupiga kelele. Sikumwita mtu. Mara Ismail akaingia anahema, tayari kashika bandeji mkononi."

Akalifunika paja taratibu.

"Alinifunga vizuri, mwanangu. Akanibusu kichwani. Kisha akarudi kazini, na pete yake kidoleni."