Arubaini ya Mardhiya na Mashine ya Kuchuja Damu

Habari hii kanihadithia Bi Mize mwenyewe, Ijumaa ya mwanzo ya Mfungo Mosi, tukimenya muhogo uani kwake, hapa Kengeja. Kaniruhusu niiandike, apate kuisoma na mwengine.

Mwanawe, Mardhiya, alikuja kuzalia kwao, kama wafanyavyo wenye mimba ya kwanza. Alijifungua kituoni, mtoto wa kike. Walipomrejesha nyumbani, Bi Mize akamtia ndani kuanza arubaini, zile siku arubaini za uzazi. Asubuhi akimkanda kwa maji ya moto. Jioni akimwekea seredani ya makaa chini ya kitanda. Mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa kanga.

Siku ya tano Mardhiya akaanza kutetemeka.

"Baridi ya uzazi hiyo," alisema Bi Mize. Akaongeza makaa.

Siku ya sita tumbo likamuuma, na damu ya uzazi ikawa na harufu mbaya. Mumewe, Haroub, akasimama mlangoni.

"Mama, tumpeleke hospitali."

"Mzazi hatolewi nje siku ya sita! Mie nimezaa saba, Haroub. Wewe umezaa wangapi?"

Haroub akabaki palepale mlangoni, akingoja akubali.

Siku ya saba, asubuhi, akabisha hodi jirani yao, Bi Zulekha, mhudumu wa afya wa shehia.

"Mardhiya kalala," alisema Bi Mize.

"Nimekuja kumwona, sikuja kumwamsha." Akapita.

Mardhiya alikuwa akihema kama aliyekimbizwa. Bi Zulekha akamshika mkono. Chumba kizima moto, mkono baridi.

"Mardhiya, mwanangu, mie nani?"

"Mwalimu," akajibu Mardhiya, macho juu.

Bi Mize akashtuka. Bi Zulekha huyo ndiye aliyekuwa akimbeba Mardhiya mgongoni tangu mdogo.

"Kakojoa lini?"

"Jana asubuhi."

"Bi Mize, hii si baridi ya uzazi. Vijidudu vimeingia kwenye kizazi, sasa vimeenea mwilini mwote. Mwili unapigana navyo mpaka unajiumiza wenyewe. Mzazi akipata homa, au akihema mbio, au akapotewa na akili, au mkojo ukapungua, hangojwi. Tukikaa mpaka adhuhuri, tutamzika."

"Usimtabirie mwanangu!"

"Simtabirii. Nipe buibui lake."

Haroub akasimamisha gari iliyobeba ndizi. Wakaishusha mikungu njiani, wakampakia Mardhiya, na mtoto kapakatwa na Bi Mize.

Hospitali kubwa walimtia maji na dawa za vijidudu kwa mshipa. Wakamsafisha kizazi. Wakampa dawa ya kupandisha presha, maana ilikuwa imeshuka sana. Lakini kesho yake daktari Haitham akawaita Bi Mize na Haroub.

"Figo zimesita. Nataka kumuunga kwenye mashine ya kuchuja damu."

Bi Mize akaruka. "Damu ya mwanangu itoke nje? Kazaa juzi huyu! Halafu arejeshewe damu ya nani?"

"Bibi, tui la nazi unalichuja kwa kitu gani?"

"Kwa chujio. Unaniuliza mapishi, na mwanangu anakufa?"

"Tui hupita, machicha hubaki. Na hapa ni hivyo. Damu inatoka kidogo kidogo kwa mpira mmoja, inapita kwenye chujio. Taka na maji yaliyozidi yanaondoka. Damu yake mwenyewe inarudi kwa mpira wa pili. Chujio ni jipya, lake peke yake."

"Ndiyo inaua hivyo vijidudu?"

"Hapana. Vijidudu vinauliwa na dawa. Mashine inafanya kazi ya figo mpaka zipate nguvu. Siwaahidi kuwa atapona. Lakini bila ya mashine, nafasi yake ni ndogo zaidi."

Haroub akamtazama mkwewe. Akangoja neno lake, kama alivyongoja siku ile mlangoni. Bi Mize akaona haya.

"Usinitazame mie. Mie nimeshakosea siku mbili nzima. Tia saini!"

Siku tatu Bi Mize alikaa kando ya kitanda, akiiangalia damu ikienda na kurudi. Mashine ikilia kidogo tu, naye anaita muuguzi. Siku ya nne muuguzi Asya akainua mfuko wa mkojo.

"Bi Mize, mwanao kakojoa!"

Bi Mize akapiga vigelegele wodini.

"Taratibu, bibi, kuna wagonjwa!"

"Nao wakojoe!"

Baada ya wiki tatu Mardhiya akarudi nyumbani, amekonda lakini anatembea. Arubaini ikaendelea, ila dirisha wazi na seredani ikabaki jikoni. Wanawake wakaja kumpa pole. Bimkubwa, jirani wa nyumba ya pili, akauliza:

"Ati mzazi ulimtoa siku ya saba?"

"Ningemtoa siku ya tano, pengine figo zisingesita. Arubaini ni ya kupumzika, Bimkubwa, si ya kufichia homa. Mkweo Shamima anazaa mwezi ujao, sivyo? Akitetemeka, usimwongezee makaa. Mpeleke hospitali, na mie nitakufuata na mkeka wa kulalia."

Baada ya sala ya adhuhuri wageni wakaondoka. Mtoto akanyonya, akalala. Mardhiya naye akalala. Bi Mize akaketi chini, akizihesabu pumzi za mwanawe, moja moja, polepole. Alipofika kumi na sita hesabu ikampotea, usingizi ukamchukua palepale alipoketi.